Albamu ya mwisho ya kundi la wawili: kazi ipi ianze, ipi isubiri

Kundi la waimbaji wawili likishaamua kwamba albamu inayofuata ndiyo ya mwisho, adui mkubwa si biti mbovu wala maiki ya bei nafuu. Adui ni mpangilio wa kazi. Wawili wanaanza na biti na video kwa sababu ndizo zinazofurahisha, makubaliano yanasogezwa mbele, sauti zinaingizwa kwa zamu kila mtu na siku yake, na wimbo wa saba unapofika mmoja kashahamia Mwanza na hapokei simu. Kinachobaki ni nyimbo sita na nusu na mafaili ambayo hakuna anayejua ni ya nani.

Dawa yake ni kanuni moja. Kila kazi inayohitaji watu wawili ndani ya chumba kimoja ifanyike mwanzo. Kila kazi ambayo mmoja anaweza kuimaliza na prodyuza isogezwe mwisho. Makubaliano, uchaguzi wa nyimbo, sauti za kuimba na picha ziko kundi la kwanza. Miksi (kuchanganya sauti), masta (kuikamilisha sauti ya mwisho), kava, usambazaji na matangazo ziko la pili. Yote yaliyo hapa chini yanafuata mpangilio huo, kwa makundi ya Dodoma na kanda ya kati, ambako studio nyingi ni chumba kimoja chenye kompyuta, saundi kadi na maiki ya kondensa.

Karatasi kabla ya maiki

Kaeni chini kabla hamjalipia hata saa moja ya studio. Awepo mtu wa tatu ambaye nyote mnamheshimu, na kila kinachokubaliwa kiandikwe hapo hapo.

La kwanza ni kuelewa kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa una haki mbili. Ipo haki ya utunzi, yaani maneno na melodi. Ipo pia haki ya rekodi yenyewe, ile wanayoiita masta. Albamu ya mwisho ya Simon & Garfunkel, kundi la wawili la Marekani, iliyotoka Januari 1970, inaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maelezo yoyote: wimbo uliobeba jina la albamu, “Bridge over Troubled Water”, uliandikwa na Paul Simon peke yake, lakini anayesikika akiuimba ni Art Garfunkel. Mwandishi ni mmoja, sauti ni ya mwingine, na mapato ya utunzi hayafuati sauti. Wawili wasiolijua hili wanakuja kugundua miaka mitano baadaye kwamba aliyeimba wimbo maarufu kuliko zote hana chake kwenye utunzi, na hapo lawama haziishi.

Kwa kila wimbo jazeni karatasi moja. Iwe na jina la wimbo, aliyeandika maneno, aliyetunga melodi, aliyetengeneza muziki, asilimia za utunzi zinazofikia 100, asilimia za masta zinazofikia 100, majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, majina ya kisanii na sahihi. Mfano: mwimbaji wa kwanza kaandika vesi mbili na kiitikio, wa pili kaandika vesi moja, prodyuza katunga muziki wote. Utunzi unaweza kugawanywa 40, 25 na 35, na masta ikabaki 50 kwa 50 kati ya waimbaji ikiwa prodyuza alilipwa fedha zake zote. Namba hizo ni za kujadiliana, si sheria. Kosa ni kumsahau prodyuza. Aliyetunga melodi ya gitaa inayorudi wimbo mzima ni mtunzi, hata kama hakuandika neno. Kama mmemlipa ili aachie haki zake zote, hilo nalo liandikwe, maana risiti ya malipo ya studio peke yake haithibitishi kwamba haki zimehama.

La pili ni nani ana neno la mwisho mkibishana. Kwenye albamu hiyo hiyo ya 1970 Simon alitaka wimbo wake “Cuba Si, Nixon No” uingie, Garfunkel akaukataa. Garfunkel naye alitaka korali ya Bach (wimbo wa kanisani), Simon akaikataa. Nafasi ya wimbo wa 12 ikabaki wazi, na albamu ikatoka na nyimbo 11. Walikuwa na kampuni kubwa nyuma yao, kwa hiyo kazi ilitoka hata hivyo. Kundi linalojilipia lenyewe halina anayelisukuma, kwa hiyo andikeni kabisa: nyimbo 10, kila mmoja anaruhusiwa kuukataa wimbo mmoja tu bila kutoa sababu, na mkishindwa kuelewana wimbo unaondolewa kwenye orodha, kazi haisimami.

Kisha yapo manne ambayo watu huona aibu kuyasema wakiwa bado marafiki. Jina la kundi: nani atalitumia baada ya kuachana, au halitatumiwa na yeyote? Kama limesajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kama jina la biashara, angalieni limeandikwa kwa nani. Jukwaa: kila mmoja ataruhusiwa kuimba nyimbo za kundi akiwa peke yake, au baadhi tu? Kurekodi upya: baada ya muda gani mmoja anaweza kuurudia wimbo wa kundi kwa sauti yake? Na kifo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999, kazi iliyotungwa na watu wawili pamoja hulindwa katika uhai wa yule atakayebaki hai mwisho, na miaka 50 baada yake. Maana yake mapato ya albamu hii yanaweza kuwafikia wajukuu, kwa hiyo wekeni majina ya warithi.

Peleka nakala kwa wakili, msaini mbele yake pamoja na mashahidi wawili. Nakala ziwe tatu: moja kwa kila mwimbaji na moja kwa wakili. Baada ya hapo hakikisheni kila mmoja amesajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kama msanii na amejiandikisha COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki) kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la kundi tu. Kundi likifa, aliyejiandikisha kwa jina la kundi pekee anaanza upya.

Nyimbo ngapi, na za namna gani

Nyimbo 10 zenye dakika 3 hadi 4 kila moja zinatosha, jumla dakika 30 hadi 40. Majukwaa makubwa ya kusikilizia huihesabu kazi kama albamu ikiwa na nyimbo 7 au zaidi, au ikivuka dakika 30. Chini ya hapo inaingizwa kama EP (albamu fupi) au singo. Andikeni 14, mrekodi demo za 14 kwa simu, mchague 10.

Msigawane nyimbo tano tano kila mmoja akaimba zake. OutKast, wawili wa rap wa Marekani, walifanya hivyo mwaka 2003, wakatoa albamu mbili za mtu mmoja mmoja ndani ya kifurushi kimoja, na ikafanikiwa sana. Lakini walikuwa na jina na fedha za kubeba uzito wa albamu mbili. Kwa kundi la mkoani, msikilizaji anataka kuwasikia pamoja mara ya mwisho. Wekeni nyimbo zisizopungua sita ambazo sauti zote mbili zinaingia kwenye kila kiitikio. Za mtu mmoja zisizidi mbili, moja moja.

Lini, na chumba gani

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Studio iliyo chini ya bati haifai kabisa kwa voko (sauti za kuimba) wakati huo: mvua ikianza, kipindi kizima kimepotea na saa mmezilipia. Rekodini kati ya Mei na Septemba. Shida ya miezi hiyo ni upepo, unaotikisa bati na kupiga mluzi kwenye madirisha ya vioo vya kusukuma. Upepo hutulia usiku na alfajiri. Saa 4 usiku hadi saa 10 alfajiri ndizo saa nzuri za voko. Baada ya hapo zinaanza adhana, jogoo na bodaboda, na kila kimoja kinasikika kwenye maiki ya kondensa.

Jambo jingine la Dodoma ni Bunge la bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni. Nyumba za wageni hujaa na bei hupanda. Kama mmoja wenu anatoka Singida au Iringa na atahitaji pa kulala, anzeni Julai.

Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kinatosha. Trei za mayai ukutani hazisaidii. Zinatawanya kidogo sauti nyembamba na kuacha zile nzito zikivuma kama zilivyokuwa. Kinachonyonya sauti ni kitu kizito na laini. Simamisheni magodoro mawili kwenye kona nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki pekee, maana maiki inasikia kile kinachorudi kutoka ukuta wa nyuma ya kichwa. Tundikeni mablanketi mazito mawili, moja juu ya jingine, sentimita 10 kutoka ukutani. Ile nafasi ya hewa ndiyo inayoongeza kazi. Chini, kapeti au jamvi. Kama hakuna silingibodi, fungeni blanketi la tatu juu ya vichwa.

Pigeni kofi moja katikati ya chumba. Mkisikia mlio mfupi wa “tswi” baada ya kofi, kuta mbili zinazotazamana bado ziko tupu. Funikeni moja.

Vumbi ni la kulichukulia kwa uzito. Udongo wa Dodoma ni mkavu na mwepesi, unaingia kwenye feni za kompyuta, ambazo huanza kuzunguka kwa kelele katikati ya wimbo wa polepole. Maiki ifunikwe kwa mfuko safi kila inapoachwa, kichujio cha kuzuia pumzi kioshwe kila baada ya siku tatu, na kompyuta ipulizwe kabla ya kuanza. Hewa kavu inakausha koo pia. Maji ya vuguvugu, glasi moja kila nusu saa, na feni isimpige mwimbaji usoni. Soda baridi iwe marufuku hadi kazi iishe.

Umeme: UPS iwe ya kompyuta na saundi kadi tu, isiunganishwe na spika wala friji. Kazi yake ni kuwapa dakika za kuhifadhi faili na kuzima vizuri. Faili la mradi lililokatika katikati ya kuandikwa linaweza kugoma kufunguka kabisa. Wekeni programu ijihifadhi yenyewe kila dakika 5.

Sauti mbili

Hapa ndipo penye albamu, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Kila wimbo upewe usiku mmoja, kwa muda wa saa nne hadi tano. Nyimbo 10, usiku 10, na siku ya mapumziko baada ya kila nyimbo tatu. Rekodini kwa 24-bit na 48 kHz. Sauti ikifika kileleni isome kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa sifuri imepasuka na hakuna programu inayoirudisha kama ilivyokuwa. Bafa (sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kutoa sauti) iwe 128 wakati wa kuimba ili mwimbaji asijisikie kwa kuchelewa kwenye hedifoni, kisha 1024 wakati wa miksi.

Anzeni kila wimbo kwa kuimba pamoja, mkitazamana, kila mmoja na maiki yake. Maiki za kadioidi (zinazosikia zaidi upande wa mbele) hazisikii vizuri upande wa nyuma yake, kwa hiyo zikipeana migongo, kila maiki inampa mwenzake kisogo. Mdomo uwe sentimita 20 kutoka maiki, na maiki hizo mbili ziachane angalau sentimita 60, yaani mara tatu ya umbali wa mdomo. Zikisogeleana zaidi ya hapo, sauti ya mmoja inaingia kwenye maiki mbili kwa kupishana kidogo sana na kusikika nyembamba, kama inatoka ndani ya bomba.

Rekodi hii ya pamoja mara nyingi haitatumika yote, kwa sababu sauti zimeingiliana na huwezi kunyoosha noti ya mmoja bila kumgusa mwingine. Kazi yake ni ramani. Inaonyesha mnapumua wapi, mnavuta wapi, nani anamsubiri nani. Baada ya kuimba mara tatu pamoja, chagueni iliyo bora, iwekeni kwenye hedifoni, kisha kila mmoja aimbe peke yake juu yake. Makundi yanayoruka hatua hii ndiyo yale ambayo ukiyasikiliza unaona wazi kwamba waimbaji hawakukutana.

Kiswahili kina mitego yake kwenye sauti mbili. Karibu maneno yetu yote yanaishia kwenye irabu, kwa hiyo tofauti kati ya waimbaji inajitokeza kwenye mwisho wa mstari: mmoja anakata “nakupenda” kwenye pigo la tatu, mwingine anaivuta hadi la nne. Andikeni kwenye karatasi ya maneno namba ya pigo ambalo irabu ya mwisho inakatwa. Mtego wa pili ni “m” na “n” zinazosimama kama silabi, kama kwenye “mpenzi”, “mtoto”, “nchi”. Mmoja akiipa “m” pigo zima na mwenzake akaimeza, neno linasikika kama limegongana. Amueni neno kwa neno. Wa tatu ni mkazo. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na melodi nyingi za bongo fleva huusogeza hadi silabi ya mwisho ili vina vikae. Si kosa, ila wote wawili msogeze pamoja.

Kwa kila wimbo msiondoke studio kabla ya kuwa na hivi kutoka kwa kila mwimbaji: vesi zake, dabo (kuimba tena juu ya sauti ileile) ya maneno ya kubebea uzito, kiitikio sauti ya kwanza mara mbili, kiitikio sauti ya pili mara mbili, na adlibu (vionjo vya papo kwa papo) mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja aimbe sauti zote mbili hata kama kawaida yake ni moja. Inaonekana ni kazi ya ziada, lakini inampa fundi wa miksi uhuru wa kuziba pengo miezi miwili baadaye wakati hakuna wa kumwita. Mwishoni rekodini sekunde 30 za chumba kikiwa kimya. Zinatumika kuziba mahali palipokatwa.

Imbeni pia toleo safi la redio usiku huo huo. Neno moja lenye utata likibadilishwa sasa ni dakika tano. Likihitaji kubadilishwa baada ya kuachana, ni wimbo mzima uliokosa redio.

Kama mnaweka zeze au marimba

Albamu ya mwisho ya kundi la Dodoma ikiwa na zeze ndani yake inasema imetoka wapi bila kueleza. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka sauti hiyo hadi kwenye lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza, na vijana wa Chamwino bado wanaipiga. Lakini zeze haliingizwi juu ya biti iliyokamilika.

Sauti za Kigogo zinafuata noti za asili za uzi, si za kinanda. Noti ya saba ya asili iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Prodyuza akiipitisha kwenye programu ya kunyoosha sauti, ladha yote inaondoka. Fanyeni kinyume: mpigaji arekodi kwanza akiwa na mdundo wa kuhesabia tu, kisha kinanda na besi vifuate toni ya zeze lake. Noti inayogongana, kinanda kiiache. Maiki iwe sentimita 30, ikielekea pale upinde unapokutana na nyuzi, si kwenye mdomo wa kibuyu ambako sauti nzito hujazana. Kagueni toni kila baada ya kurekodi mara moja, maana kibuyu na nyuzi hubadilika chumba kikipata joto. Marimba za vidole nazo hurekebishwa kwa kusogeza vijiti vya chuma, kwa hiyo mpeni mpigaji nusu saa ya kuziweka sawa.

Halafu kuna suala la haki, na hili msilipite haraka. Kwenye albamu ileile ya 1970, Simon aliweka “El Condor Pasa” akiamini ni melodi ya jadi ya Andes. Ilikuwa imetungwa na Daniel Alomía Robles wa Peru mwaka 1913. Mwanawe alifungua kesi, na jina la baba yake likaingizwa kama mtunzi. Kwa hiyo mkisikia wimbo wa muheme (ngoma ya Kigogo) kijijini na kuambiwa “huu ni wa zamani, hauna mwenyewe”, ulizeni wazee watatu, si mmoja. Ukiwa na mtunzi anayejulikana, awe hai au amefariki, anaingia kwenye karatasi ya asilimia. Ukiwa wa jadi kweli, sheria ya 1999 inalinda sanaa za jadi pia, na kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila kunahitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Anzieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Wapigaji na kina mama wanaoitikia walipwe siku hiyo hiyo, na majina yao yaandikwe kwenye kava.

Mafaili

Njia moja ya sauti ya 24-bit na 48 kHz inakula MB 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye njia 40 ni takriban GB 1.4; albamu ya nyimbo 10 ni GB 14, na ukiongeza yale mliyoyarekodi bila kuyatumia hesabuni GB 40. Nunueni diski mbili za nje za GB 500 au zaidi. Kila mwimbaji aondoke na yake, nakala ya tatu ibaki kwenye kompyuta ya studio. Nakala zikaguliwe kwa kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine, maana faili kuonekana kwenye orodha si uthibitisho kwamba linafunguka.

Usiku wa mwisho wa kurekodi, kabla mtu hajaenda nyumbani, prodyuza atoe kila njia ya kila wimbo kama WAV (faili la sauti lisilobanwa) inayoanza sekunde ya sifuri. Toeni pia muziki bila voko, na voko bila muziki. Programu ya studio inaweza kubadilika au kukosa leseni. WAV itafunguka popote. Studio ikidai fedha za ziada kwa kazi hiyo, iwe kwenye makubaliano ya mwanzo.

Picha

Pigeni siku mbili baada ya voko, si wiki tatu. Picha zilizochaguliwa zisipungue 30, kwa nguo za aina tatu, ziwemo za wote wawili pamoja, za kila mmoja, na zenye nafasi tupu upande mmoja kwa ajili ya maandishi. Mwamba wa Simba juu ya mji jua linapochomoza una mwanga mzuri na upepo bado umelala. Mashamba ya mizabibu nayo yanafaa, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Rekodini siku hiyo pia salamu za video fupi kama 15, kila moja ikitaja wimbo mmoja au redio moja. Zitatumika miezi mitatu bila nyie kuonana.

Kava liwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, JPEG ya RGB. Lisiwe na namba za simu, nembo za mitandao wala anwani, majukwaa hulirudisha.

Miksi na masta

Sasa mmoja anaweza kusimamia, ila mwenzake apewe haki ya kusikiliza mara mbili tu kwa kila wimbo, na maoni yake ayaandike kwa dakika na sekunde. “Sauti yangu haisikiki” hakumsaidii fundi. “1:42, neno ‘rudi’ limefunikwa na snea” kunamsaidia. Ugomvi wa kawaida ni nani yuko juu. Kwenye kiitikio anzeni na sauti ya kwanza katikati, na dabo za sauti ya pili kushoto na kulia, chini kwa desibeli 3 hadi 4. Sikilizeni kwa sauti ndogo, kwa simu na kwa spika ya bajaji. Asiyesikika hapo ndiye wa kupandishwa.

Masta mpeni mtu mwingine asiyefanya miksi. Mkimtafuta Dar es Salaam, mafaili yaende kwa mtandao, ila mmoja wenu apande treni ya SGR akasikilize naye asubuhi, jioni yuko nyumbani. Kilele kisizidi desibeli -1, na ukubwa wa wastani kuzunguka LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika) -14 hadi -10. Kuukandamiza hadi -6 hakuongezi kitu, maana majukwaa mengi huushusha tena, na mlichobaki nacho ni ngoma zilizokufa.

Usambazaji

Wasambazaji wa mtandaoni wako wa aina mbili: wanaotoza ada ya kila mwaka, na wanaolipwa mara moja au kwa asilimia. Kundi linaloendelea linaweza kuchagua yeyote. Kundi linaloachana lisichague wa ada ya mwaka, kwa sababu ada isipolipwa nyimbo huondolewa, na baada ya miaka miwili kila mmoja atadhani mwenzake amelipa. Chagueni mwenye uwezo wa kugawa mapato moja kwa moja kwa watu wawili na prodyuza, kila mtu na akaunti yake. Fedha zisiingie kwenye laini ya simu ya mtu mmoja.

Kila rekodi inapata namba ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12. Zinakilini zote 10 kwenye makubaliano yenu. Mkihama msambazaji siku moja, rekodi ileile iende na namba ileile, la sivyo idadi ya wasikilizaji inaanza sifuri. Tumeni albamu wiki 4 kabla ya siku ya kutoka. Spotify hupokea maombi ya kuingizwa kwenye orodha zao angalau siku 7 kabla, na hulipa tu wimbo uliosikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Boomplay, Audiomack na Mdundo zisiachwe, kwani wasikilizaji wenu wengi wako huko. Kwenye YouTube, wote wawili wapewe ruhusa ya kusimamia chaneli, si kupeana nywila. Na amueni mapema nani atasimamia Content ID (mfumo wa YouTube wa kutambua rekodi za watu), maana mmoja akiweka video yake ya jukwaani baadaye anaweza kujikuta anadaiwa na kazi yake mwenyewe.

Tarehe nzuri ya kutoka ni Novemba. Wanafunzi wa UDOM na vyuo vingine wamerudi, mvua bado haijashika, na Krismasi iko mbele. Tangazeni kwamba ni ya mwisho siku albamu inapotoka, si mapema. Mkitangaza miezi minne kabla, mahojiano yote yatahusu kuachana kwenu na hakuna atakayeuliza kuhusu nyimbo. Onyesho la kuaga likiwepo liwe moja, ndani ya wiki mbili, na kibali cha afisa utamaduni na taarifa ya polisi viombwe mwezi mmoja kabla.

Ripoti ya kwanza ya mapato huja miezi miwili hadi mitatu baada ya kutoka. Ifungueni pamoja, hata kwa simu, mlinganishe ISRC zote 10 na karatasi za asilimia. Jina lililokosewa herufi moja hurekebishwa kirahisi likiwa na miezi mitatu. Kagueni tena ripoti ya mwezi wa sita, na ile ya mwaka.